Neno Dogo Kando ya “May” na “Must”: Jinsi ya Kusoma Notisi ya Kiingereza

Notisi nyingi zinazobandikwa katikati ya jiji, kuanzia kwenye mageti ya masoko hadi kwenye lifti za majumba ya ofisi, zimeandikwa kwa Kiingereza. Msomaji hukimbilia tarehe, kiasi cha pesa na muhuri. Lakini mara nyingi uzito wa notisi hauko hapo. Uko kwenye vijineno kama “may”, “must”, “shall” na “should”, na kwenye kielezi kinachoketi kando yake: “only”, “immediately”, “normally”, “already”. Mfanyabiashara anayesoma “may” na kuruka “only” anaweza kupoteza nafasi yake ya kukata rufaa huku akiamini bado ana muda.

Kuna atakayeuliza: mbona notisi zisiandikwe kwa Kiswahili tu? Swali hilo ni la haki. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza zote ni lugha rasmi. Hata hivyo sheria zetu huandikwa kwa Kiingereza, na afisa anayetayarisha notisi hunakili maneno ya sheria yalivyo kwa kuogopa kupindua maana. Mimi ni mmoja wa wanaotaka kuona kila notisi ikitoka kwa lugha zote mbili. Kwa sasa, mama mboga wa Kangemi na mwenye duka la simu pale Moi Avenue wanapokea karatasi ya Kiingereza, na ni muhimu waisome kama ilivyokusudiwa.

Sentensi zote za Kiingereza zilizo hapa chini, isipokuwa maneno ya Katiba, nimezitunga kwa ajili ya somo. Si notisi halisi, na somo hili si ushauri wa wakili.

Kielezi hukaa wapi?

Katika Kiingereza, maneno “may”, “must”, “shall”, “should”, “can”, “could”, “will”, “would” na “might” ni vitenzi visaidizi. Kazi yake ni kuonyesha ruhusa, ulazima, uwezo au uwezekano. Kielezi kinapotumiwa pamoja nayo, mara nyingi huingia katikati, baada ya kitenzi kisaidizi na kabla ya kitenzi kikuu. “You must always carry your receipt.” Neno “always” limebanwa kati ya “must” na “carry”.

Sasa tazama Kiswahili chetu: “Lazima ubebe risiti yako kila wakati.” Kielezi kimeenda mwisho. Sikio la Mswahili limezoea kusubiri mwisho wa sentensi ili lijue jambo litafanywa vipi, lini na mara ngapi. Anaposoma Kiingereza kwa haraka, macho yake hupita katikati ya sentensi bila kusimama, na hapo ndipo neno lenye maana limejificha. Kwa hiyo zoea jambo hili moja: ukikutana na kitenzi kisaidizi, simama, usome neno linalofuata kabla ya kuendelea.

“May”: ruhusa au huenda

Neno “may” lina nyuso mbili. Uso wa kwanza ni ruhusa: “You may appeal” ni kusema unaruhusiwa kukata rufaa. Uso wa pili ni uwezekano: “It may rain” ni huenda mvua ikanyesha. Mara nyingi kielezi ndicho kinachoonyesha ni uso upi unaotazamwa.

Chukua sentensi hii: “You may also apply in person.” Kielezi “also” kinaongeza njia nyingine, yaani unaruhusiwa pia kufika mwenyewe kwenye kaunta. Weka “only” mahali pa “also”: “You may only apply in person.” Ruhusa imekuwa kizuizi. Huwezi kutuma ombi kwa simu wala kumtuma kijana wako akuwakilishe. Neno “may” halijabadilika hata herufi moja, lakini mlango uliokuwa wazi umebaki na ufa mmoja.

Hatari kubwa iko kwenye sentensi za rufaa. “An appeal may only be lodged within 14 days.” Wengi huona “may” wakasema moyoni, “Aa, hili ni la hiari.” Ni kweli kwamba kukata rufaa ni hiari yako, hakuna atakayekulazimisha. Lakini siku 14 si hiari. “Only” limezifunga. Siku ya 15 ukifika na karatasi zako utaambiwa umechelewa, na afisa aliye mbele yako hatakuwa amekuonea.

Halafu kuna “may well”. Mtu akilitafsiri neno kwa neno atasema “unaweza vizuri”, na sentensi itampotea. “You may well be asked to show your permit” haikupi ruhusa yoyote. Inakuonya kwamba kuna uwezekano mkubwa wa kuulizwa kibali, kwa hiyo usikiache nyumbani Kawangware. Neno “well” hapa linaongeza nguvu ya “huenda”. Tofauti kabisa ni “may as well”, ambayo ni lugha ya mtu aliyekata tamaa kidogo: “We may as well close early” ni kama kusema afadhali tufunge mapema tu, wateja wenyewe hawapo.

“Must”: amri au makisio

Wengi wanajua kwamba “must” ni lazima. Wasichokumbuka ni kwamba hata “lazima” yetu ina nyuso mbili. Sikiliza: “Lazima alipe leo” na “Lazima ameshalipa.” Ya kwanza ni amri. Ya pili ni makisio: msemaji hajaona risiti, anajenga hoja kutokana na dalili. Kiswahili huonyesha tofauti hiyo ndani ya kitenzi chenyewe, “alipe” dhidi ya “ameshalipa”. Kiingereza pia hubadilisha umbo la kitenzi, na kielezi hutia mkazo.

“The owner must immediately pay the fee.” Neno “immediately” linaelekeza “must” kwenye amri: mwenye mali alipe mara moja. “The owner must already have paid the fee.” Neno “already” likiandamana na “have paid” linaelekeza kwenye makisio: bila shaka mwenye mali ameshalipa. Katika ofisi ya mapato tofauti hii ni pesa. Ukiandikiwa ujumbe kwamba “your payment must surely have gone through”, hujahakikishiwa lolote. Mwandishi anakisia. “Surely” linasikika kama uhakika, lakini likikaa na “must” wa namna hii huwa ni dalili kwamba aliyeandika hajathibitisha. Omba risiti.

Kosa linalogharimu zaidi ni lile la “must not”. Kiswahili kina miundo miwili tofauti: “si lazima uende” na “lazima usiende”. Ya kwanza inakuachia hiari, ya pili inakukataza. Kiingereza “must not” ni hiyo ya pili daima. Hiari huonyeshwa kwa “do not have to” au “need not”. Sasa soma sentensi hii: “You must not pay cash to any officer.” Aliyezoea kuona “must” kama lazima na “not” kama si, atapata “si lazima umlipe afisa pesa taslimu”, akaelewa kwamba pesa taslimu ni njia mojawapo, si ya lazima tu. Atatoa noti kando ya barabara, bila risiti, akidhani amefuata notisi. Maana halisi ni marufuku: usimpe afisa yeyote pesa mkononi.

“May not” nalo lina utata wake. “Traders may not display goods on the walkway” ni katazo: wafanyabiashara hawaruhusiwi kupanga bidhaa kwenye njia ya wapita njia. “The market may not open tomorrow” si katazo: huenda soko lisifunguliwe kesho. Hapa angalia nani anatajwa. Kama ni mtu anayewekewa masharti, elekea kwenye katazo. Kama ni tukio tu, elekea kwenye huenda. Mwandishi mzuri wa notisi hukusaidia kwa kutia kielezi, kwa mfano “may possibly not open”, au huacha “may not” kabisa na kuandika “must not”. Ninawaomba wenzangu wanaoandika notisi wachague njia hiyo ya pili.

Maji yatarudi saa ngapi?

Vielezi vya uhakika huonyesha unapaswa kuamini taarifa kwa kiasi gani. Tuseme maji yamekatwa mtaani kwenu na ujumbe umetumwa. “Supply will definitely resume by 5 p.m.” ni ahadi. “Supply will probably resume by 5 p.m.” ni matarajio. “Supply should normally resume by 5 p.m.” ni jinsi mambo huwa yakienda sawa, na “normally” ni mlango wa nyuma ambao mwandishi amejiachia. “Supply might possibly resume by 5 p.m.” ni sala tu, jaza mitungi.

Anayesoma “should” peke yake anaweza kuona ulazima: maji yanapaswa kurudi, wasiporudisha wamekosa. Lakini “should” likiandamana na “normally”, “hopefully” au “soon” ni utabiri. Likiandamana na “always” au “never”, kwa mfano “Food handlers should always wear clean aprons”, ni maelekezo ya jinsi ya kufanya kazi. Na katika Kiingereza cha ofisi za Kenya, “should” ya maelekezo mara nyingi huandikwa kwa upole huku anayekuja kukagua akiisoma kama “must”. Usibishane naye mlangoni kuhusu sarufi. Uliza kwenye kaunta, kabla ya siku ya ukaguzi, kama ni sharti au ni ushauri.

Kiingereza kikitaka kukana jambo kwa “probably”, huweka kielezi kabla ya “won’t” au katikati ya “will” na “not”: “It probably won’t open” au “It will probably not open”. Wanafunzi wengi huandika “It won’t probably open”. Utaeleweka, ila sikio la mtahini litashtuka.

“Shall”, na kielezi ambacho hakikuandikwa

Kisa kikubwa zaidi cha kitenzi kisaidizi na kielezi nchini hakikutokea kwenye notisi ya kibanda. Kilifika Mahakama ya Juu, ambayo jumba lake liko hapo City Hall Way, hatua chache kutoka City Hall.

Kifungu cha 81(b) cha Katiba ya 2010 kinatumia “shall” kusema kwamba wanachama wa taasisi za umma za kuchaguliwa wasizidi theluthi mbili wa jinsia moja. Angalia kisichokuwepo. Hakuna “shall immediately”. Hakuna “shall progressively”. Uchaguzi mkuu wa tarehe 4 Machi 2013 ulipokaribia, Mwanasheria Mkuu aliiomba mahakama ushauri: je, kanuni hiyo ilipaswa kutimizwa katika uchaguzi huo huo kwa Bunge la Kitaifa na Seneti, au ingetimizwa hatua kwa hatua?

Tarehe 11 Desemba 2012, majaji walio wengi walisema hatua kwa hatua, na wakaweka tarehe 27 Agosti 2015 kuwa mwisho wa kupitisha sheria ya kutekeleza kanuni hiyo. Jaji Mkuu wa wakati huo, Willy Mutunga, hakukubaliana nao. Kwake, kanuni ilipaswa kutimizwa papo hapo. Majaji walisoma “shall” ile ile, katika kifungu kile kile, wakatofautiana juu ya kielezi ambacho waandishi wa Katiba hawakukiweka. Tarehe ya 2015 ilipita bila sheria hiyo kupatikana.

Linganisha na mabunge ya kaunti. Kifungu cha 177 hakikuacha pengo hilo. Kinasema bunge la kaunti litakuwa pia na wanachama wa viti maalum, kwa idadi inayohitajika kuhakikisha jinsia moja haizidi theluthi mbili. Ndiyo maana baada ya kila uchaguzi bunge la kaunti hupata wawakilishi wa kuteuliwa pamoja na wale wa wadi. Sheria iliposema jambo litafanywa vipi, hapakuwa na haja ya kubishania lini.

Mwananchi wa kawaida afaidike nini na hilo? Ukiona “shall” kwenye notisi, tafuta neno la wakati lililo karibu nayo. “The occupier shall forthwith remove the structure” ina “forthwith”, neno la kizamani la kisheria lenye maana ya mara moja, bila kungoja. “The occupier shall remove the structure within 30 days” inakupa mwezi. “The occupier shall remove the structure” bila neno lolote la wakati inakupa sababu ya kwenda ofisini kuuliza kwa maandishi: kufikia lini? Katiba yenyewe ina kanuni kuhusu pengo kama hilo kwa mambo inayoyataka yafanywe. Kifungu cha 259(8) kinasema kwamba pale ambapo Katiba haikutaja muda, jambo lifanywe bila kuchelewa kusiko na sababu. Notisi ya kibanda si Katiba, lakini ukikaa kimya ukingoja tarehe ambayo haikuandikwa, usitarajie kwamba kimya chako kitakutetea.

Shida nyingine ya “shall” ni ya tafsiri. Wengi huigeuza kuwa “-ta-”: “The county shall provide” inakuwa “Kaunti itatoa”. Msomaji anaona ahadi ya siku zijazo, kama ya mkutano wa siasa, ilhali Kiingereza kilibeba wajibu. Tafsiri yenye uzito sawa ni “Kaunti inawajibika kutoa” au “lazima itoe”. Waandishi wa Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 waliepuka tatizo hilo kwa kutumia “must” pale ambapo yetu ina “shall”. Nadhani walifanya vyema.

Kielezi kikihama

Kielezi “only” kina tabia ya kufunga kile kilicho karibu nacho. “Only residents may park here on Sundays”: wakazi peke yao. “Residents may park here only on Sundays”: Jumapili peke yake. Dereva anayeegesha gari hapo Jumanne ana haja ya kujua “only” ilikaa wapi kabla ya kufungiwa gurudumu.

“Really” na “simply” nazo hubadilisha uzito zikivuka “can’t”. “I really can’t come” ni kukataa kabisa: kwa kweli siwezi. “I can’t really come” ni kukataa kwa upole, karibu kusema itakuwa vigumu. “I simply can’t leave” ni siwezi kabisa kuondoka. “I can’t simply leave” ni siwezi kuondoka hivi hivi tu, bila kuaga au kukabidhi kazi. Kijana anayeenda mahojiano ya kazi Westlands na kuambiwa “we can’t really offer you that salary” ajue bado kuna nafasi ndogo ya kuzungumza. Akiambiwa “we really can’t”, achukue au aache.

Na tafadhali, “hardly” si kwa bidii. “Traders can hardly work here” ni malalamiko: wafanyabiashara ni kama hawawezi kufanya kazi hapa. Wa kwa bidii ni “hard”, nalo hukaa baada ya kitenzi: “Traders can work hard here.”

Jaribu mwenyewe

Ziba majibu kwa mkono, kisha usome sentensi hizi nne.

Ya kwanza: “Permits may also be renewed at the ward office.” Ya pili: “Permits may only be renewed at the ward office.” Ya tatu: “The inspector must already have left.” Ya nne: “You need not attend, but you must not send a representative.”

Majibu: Katika ya kwanza, ofisi ya wadi ni mahali pamoja zaidi pa kuhuisha kibali. Katika ya pili, ni hapo tu, usipoteze nauli kwenda kwingine. Katika ya tatu, hakuna amri yoyote, mtu anakisia kwamba mkaguzi ameshaondoka, na huenda bado yuko ghorofa ya juu. Katika ya nne, si lazima uhudhurie, lakini ni marufuku kumtuma mtu badala yako. Kwa hiyo ama uende mwenyewe, ama ubaki.